"Haiwezi Kutokea" Si Kinga

Namba ya kitambulisho cha taifa ya Mtanzania ina tarakimu 20. Karani akiiandika kwenye jedwali la Excel kama namba ya kawaida, bila vistari, Excel inahifadhi tarakimu 15 za mwanzo na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Haikatai, wala haiulizi. Watu wawili ambao namba zao zinaanza sawasawa wanageuka kuwa mtu mmoja. Orodha inapelekwa ofisi ya pili, kisha ya tatu, mpaka siku mwananchi anapoambiwa dirishani kwamba hayumo kwenye mfumo, au kwamba deni la mwenzake ni lake.

Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza mapema: namba hii ikiwa ndefu kuliko nafasi niliyoitengea, itakuwaje? Swali hilo ndilo msingi wa uandishi wa programu kwa kujihami. Unaandika ukijua kwamba data itakuja na kasoro, mtandao utakatika, mtumiaji atabonyeza kitufe mara mbili, na programu nyingine unayoitegemea ipo siku itakujibu jibu lisiloeleweka. Msimamo wetu ni huu: mfumo ambao haijaamuliwa utafanya nini ukikutana na jambo usilolijua haujakamilika, hata kama kila kitufe kilifanya kazi siku ya uzinduzi. Na uamuzi huo haumhusu fundi peke yake. Unamhusu pia aliyeuagiza mfumo na anayeulipia.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na satelaiti nne za utafiti za Shirika la Anga la Ulaya. Haikufikisha sekunde 40 angani. Ilipinda ghafla, ikaanza kumeguka, ikajilipua kama mifumo yake ya usalama ilivyopangwa kufanya. Mabaki yaliangukia mikokoni na nyikani. Hakuna aliyekufa, lakini kazi ya miaka mingi ya wanasayansi iliteketea asubuhi moja.

Tume ya uchunguzi chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti mwezi uliofuata. Ni ripoti fupi, na tunamsihi kila mwanafunzi wa kompyuta aisome. Roketi ilikuwa na kompyuta mbili za kupima mwelekeo na mwendo wake, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa ya akiba. Programu yao ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyokuwa na sifa nzuri. Ndani yake mlikuwa na hesabu iliyochukua namba ya desimali ya biti 64 na kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16, nafasi ambayo haipokei kitu kilichozidi 32,767. Ariane 5 ilichanganya mwendo wa kuelekea upande haraka kuliko mtangulizi wake, na namba ikazidi. Kompyuta ya akiba ilizima kwanza. Ile iliyokuwa ikifanya kazi ikaifuata kabla hata sekunde haijaisha, kwa kosa lile lile, kwa kuwa zote mbili zilibeba programu ile ile.

Kinachotushughulisha ni jinsi wahusika walivyofika hapo. Hawakuwa wazembe, na hatari hiyo waliijua. Walivitambua vigezo saba vilivyoweza kufurika, wakaviwekea kinga vinne na kuviacha vitatu. Walikuwa wamejiwekea sharti kwamba kompyuta ile isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo kila ukaguzi ulikuwa na bei yake, na vile vitatu walivihesabu kuwa haviwezi kufika kikomoni. Kwa Ariane 4 walikuwa sahihi. Kisha roketi ikabadilishwa, hoja ya zamani ikaachwa ilivyo. Njia ambayo Ariane 5 ingepita haikuingizwa katika mahitaji ya programu hiyo, wala haikutumika kuijaribu. Inayouma zaidi ni kwamba hesabu iliyoiangusha roketi haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka ardhini. Iliachwa iendelee kwa sekunde kama 40 kwa sababu tu Ariane 4 iliwahi kuihitaji.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo, na wanaacha sehemu yenye mafunzo makubwa zaidi. Kosa lile lilinaswa! Programu iligundua kwamba namba imezidi. Ubovu ulikuwa katika amri ya nini kifuate. Wabunifu walidhani kwamba kompyuta ikipata hitilafu, basi kifaa chenyewe kimeharibika, kwa hiyo kizime na cha akiba kishike kazi. Hawakufikiria kosa lililoandikwa ndani ya programu, ambalo lazima likutwe kwenye vifaa vyote viwili. Juu ya hayo, ilipokuwa ikizima, kompyuta ilituma taarifa ya hitilafu yake, na kompyuta kuu ya roketi ikaisoma taarifa ile kama vipimo halisi vya safari. Ikageuza pua za injini mpaka mwisho, ikirekebisha upotofu ambao haukuwapo.

Kwa hiyo kugundua jambo lisilotarajiwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua la kufanya, na jibu haliwezi kuwa moja kwa mifumo yote. Roketi ikiwa angani haiwezi kusimama kusubiri fundi. Afadhali iendelee na makadirio mazuri ya mwisho iliyokuwa nayo. Programu ya benki isimame, isiguse salio la mtu mpaka ijue. Mashine ya hospitali irudi kwenye hali isiyoweza kumdhuru mgonjwa. Haya ni maamuzi ya watu wanaoijua kazi yenyewe: mhasibu, muuguzi, meneja wa ghala. Mwandishi wa programu akiachiwa ayaamue peke yake usiku wa manane, ataamua kwa kubahatisha, na bahati hiyo itaingia kwenye msimbo na kukaa humo miaka.

Inawezekana kufanya vizuri. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiteremka kuelekea uso wa mwezi, kompyuta yake ilizidiwa na kazi na kutoa onyo namba 1202. Programu hiyo iliandikwa na kundi la taasisi ya MIT ambalo Margaret Hamilton alikuwa mmoja wa viongozi wake, na waliiandika wakitarajia kwamba siku moja itazidiwa. Ilijianzisha upya, ikaziweka kando kazi zisizo za lazima, ikaendelea na zile za kutua. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua salama.

Hamilton huyohuyo amesimulia kisa kingine. Alitaka kuongeza ukaguzi wa kumzuia mwanaanga asichague kwa bahati mbaya, katikati ya safari, programu ya matayarisho ya kabla ya kuruka. Alikataliwa. Aliambiwa wanaanga wamefunzwa wasifanye makosa. Desemba 1968, ndani ya Apollo 8, Jim Lovell alifanya kosa lile lile, na data za mahali chombo kilipo zikafutika. Lovell alikuwa rubani mahiri kuliko wengi. Anayesema "watumiaji wetu tumewapa mafunzo" kila anapoombwa aweke ukaguzi, na amkumbuke.

Tuje kwenye pesa, maana huko ndiko wengi wetu tunakutana na programu kila siku. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kulipa kwa simu kumekuwa jambo la kila saa, na maelfu ya vijana wameandika programu za maduka, shule, saccos na mabasi zinazounganishwa na huduma za namna hiyo. Fikiria mzazi analipa ada. Ombi limeondoka, mtandao ukakatika, jibu halikurudi. Programu nyingi zimeandikwa kana kwamba malipo yana majibu mawili tu, yamefanikiwa au yameshindwa. Lipo la tatu: haijulikani. Programu ikilihesabu kuwa yameshindwa, mzazi atalipa tena na kukatwa mara mbili. Ikilihesabu kuwa yamefanikiwa, shule imetoa risiti ya pesa ambazo haijazipata.

Dawa yake ni ya zamani na inajulikana. Kabla ombi halijatumwa, programu ilitengenezee namba ya kumbukumbu ya pekee na kuihifadhi. Ikibidi kutuma tena, itume kwa namba ile ile, na upande wa pili ukiona namba hiyo ulishaishughulikia, urudishe jibu la kwanza badala ya kukata upya. Muamala usiojulikana uandikwe hivyo hivyo kwamba haujulikani, mteja auone hivyo kwenye skrini yake, na programu iendelee kuuliza mpaka ipate jibu. Hakuna mtambo wa gharama unaohitajika hapo. Anahitajika mtu atakayekaa chini kabla ya kuandika, achukue kila mshale kwenye mchoro wake na kuuliza: huu ukikatika hapa, nani anabaki na pesa?

Kuna mtego mwingine wa pesa unaozigusa zaidi nchi zenye sarafu ya namba kubwa. Namba kamili ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Mfumo unaohesabu kwa senti kwenye nafasi hiyo unafika mwisho kwenye shilingi milioni 21 na ushei, kiasi ambacho mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo haoni ajabu kukilipa kwa mkupuo mmoja. Katika lugha kama Java, ukiongeza moja juu ya kikomo hicho jibu linageuka kuwa hasi, na hakuna kengele inayolia. Aliyeandika mfumo akiwaza dola huenda hakuwahi kuliona tatizo hilo maishani mwake. Sisi tunaliona, kwa hiyo ni juu yetu kulikagua.

Majina nayo. Mashine nyingi zilifundishwa majina na watu wasiowahi kukutana na Ng'ang'a au Nyong'o. Katika lugha ya kuulizia hifadhidata, ritifaa ndiyo alama inayofunga maandishi, kwa hiyo programu iliyounganisha jina na amri kwa kuyabandika pamoja inavunjika Ng'ang'a anapojisajili. Huo si usumbufu tu. Ufa unaomwangusha Ng'ang'a ndio huohuo ambao mwizi hupenyezea amri zake mwenyewe. Wapo mafundi "wanaotibu" kwa kupiga ritifaa marufuku, na mwananchi analazimika kuwa Nganga kwenye benki huku kitambulisho chake kikisema Ng'ang'a, kisha siku ya mkopo anaambiwa majina hayafanani. Tiba ya kweli ni kuipeleka amri peke yake na data peke yake, jambo ambalo kila zana ya kisasa ya hifadhidata inaliwezesha. Na kuna simu zinazoandika ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Kwa macho yetu ni alama moja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Programu isipozisawazisha inapopokea jina, mtu mmoja anasajiliwa mara mbili.

Kuliko kasoro hizi zote, tunachukia ukimya. Lugha nyingi za programu zinampa mwandishi njia ya kunasa hitilafu na kusema kifuate nini. Tabia mbaya kuliko zote ni kuinasa na kuacha mahali pa uamuzi patupu, ili programu isionekane imeanguka mbele ya mteja. Inaendelea, ndiyo, lakini inaendelea na salio lililokosewa, na anayekuja kuligundua ni mkaguzi wa hesabu miezi sita baadaye, wakati kumbukumbu zimeshafutwa. Programu inayokwama hadharani saa nne asubuhi itatengenezwa kabla ya adhuhuri. Inayoficha haitengenezwi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ni mbovu.

Ujumbe usioeleweka ni ndugu wa ukimya. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa mionzi iliyozidi kipimo mara nyingi, na baadhi yao walikufa. Katika mojawapo ya ajali hizo, kwenye kituo cha saratani cha Texas, skrini ilionyesha maneno "Malfunction 54", yaani hitilafu namba 54, bila kusema zaidi. Mhudumu alikuwa amezoea jumbe za namna hiyo, na mashine ilimruhusu kuendelea kwa kubonyeza kitufe kimoja. Akaendelea. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya vyuma vya kuzuia dozi ya namna hiyo. Katika Therac-25 viliondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Moja ya kaguzi za programu hiyo ilitegemea kihesabio kidogo kilichorudi sifuri kila kilipofika mara ya 256, na kikiwa sifuri ukaguzi ulirukwa. Yaani kinga yenyewe ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilimdhuru mtu. Nani aliikagua kinga?

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili la maelekezo kwa kompyuta za wateja wake. Faili lilitarajia vipengele 21, programu iliyolisoma ilikuwa na 20. Hakukuwa na ukaguzi wa kuhakikisha kwamba kipengele cha 21 kipo kabla ya kwenda kukisoma. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka, na nyingi hazikuweza kuwaka tena mpaka fundi aende kuzigusa moja moja kwa mkono. Ndege zilikwama na hospitali ziliahirisha matibabu. Faili lile halikutoka kwa adui. Lilitoka kwa kampuni yenyewe, na bila shaka ndiyo sababu liliaminiwa. Kinachotoka nyumbani nacho kikaguliwe mlangoni.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Kaguzi zinachukua muda. Msimbo uliojaa "kama hivi, kama vile" kila mstari unasomeka kwa shida, na msimbo usiosomeka unaficha kasoro zake wenyewe. Hatudai ukaguzi kila mstari. Data ikaguliwe pale inapoingia, kwenye fomu, kwenye faili, kwenye jibu la mtandao, ikataliwe hapohapo kwa maneno ambayo karani anayaelewa, kisha ndani programu ifanye kazi ikijua kilichopita mlangoni ni kisafi. Pale ndani mwandishi anapoamini jambo fulani haliwezi kutokea, aiandike imani hiyo kwenye msimbo kwa namna ambayo ikivunjika programu itapiga kelele. Programu ya Ariane 4 ilipohamishiwa Ariane 5, kama dhana ya vile vigezo vitatu ingekuwa imeandikwa wazi mahali ambapo mrithi hana budi kuisoma, huenda mtu angeuliza.

Kuhusu gharama, mwenye mfumo atazilipa tu. Atalipa mapema kwa siku chache za fundi, au atalipa baadaye kwa kurudisha pesa za wateja, kwa kesi, na kwa watu wanaohama kimyakimya kwenda kwa mshindani.

Vyuo vyetu vina sehemu yao. Mwanafunzi anayewasilisha mradi wa mwisho huonyesha safari iliyonyooka: ingia, jaza, wasilisha, imefanikiwa. Mwalimu anapiga makofi na kutoa alama. Tunaomba walimu wachomoe waya wa mtandao katikati ya onyesho na kutazama kinachotokea, kisha watoe alama kwa hicho. Waajiri nao wanaowapima waombaji kwa mafumbo ya hesabu wawape programu ya malipo yenye kasoro na kuwauliza wapi pesa zinaweza kupotea.

Neno letu la mwisho ni kwa wakurugenzi, bodi na maofisa ugavi wanaosaini mikataba ya mifumo katika halmashauri, shule, hospitali na saccos. Andikeni kwenye zabuni kwamba siku moja nzima ya makabidhiano itakuwa ya kuuvuruga mfumo. Siku hiyo msimpe kazi fundi aliyeujenga, mpeni karani wa kaunta. Aingize namba ya kitambulisho yenye tarakimu 19, halafu yenye 21. Amsajili Ng'ang'a. Alipe shilingi sifuri, alipe kiasi hasi, abonyeze "lipa" mara mbili, azime simu katikati ya malipo. Kila mara mfumo uonyeshe umefanya nini na kwa nini, kwa Kiswahili ambacho karani huyo anakielewa. Usipoweza, msiusaini, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka uweze.